Makala ya Delta Bila Kulowa Miguu

Msomi mwenzangu, vuta kiti. Unataka kupanda cheo, na muundo wa utumishi hauangalii sura. Unadai makala, tena kwenye majarida yenye wahakiki. Mkononi una hojaji kadhaa za delta ya Rufiji, picha tatu za mikoko ulizopiga ukiwa umesimama gatini Nyamisati, na miezi miwili kabla kamati haijaketi. Usijidharau. Watu wameitwa maprofesa kwa mtaji mdogo kuliko huo. Kilichobaki ni mpangilio tu, na mpangilio ndiyo fani yangu.

1. Anza na pambizo

Mhariri anapofungua faili lako hasomi. Anatazama. Basi mpe cha kutazama: Times New Roman ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita 2.54 kila upande, namba za kurasa chini, namba za mistari kushoto. Pakua maelekezo kwa waandishi na uyasome mara mbili, yaani mara mbili zaidi ya ulivyosoma marejeleo yako. Wakitaka ikisiri ya maneno 250, lete ya 249. Wakitaka maneno muhimu matano, usipeleke sita. Hilo la sita ndilo litakalokufanya uonekane mtu wa vurugu.

Namba za mistari zina siri yake. Mhakiki ni binadamu. Ana kazi zake zinazomsubiri, halipwi hata senti kwa hii yako, na anatamani aonekane makini. Msaidie. Acha makosa matatu madogo mahali pa wazi: nukta mbili badala ya moja, mwaka usiolingana na ule wa kwenye marejeleo, na "Jedwali la 3" ambalo kwa kweli ni la 2. Atayarukia yote, ataandika "mstari wa 214, rekebisha", na moyo wake utatulia. Mtu aliyeshiba makosa madogo hatafuti makubwa.

Usidhani natania kuhusu nguvu ya umbo. Mwaka 1975 mwanafizikia Jack Hetherington wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, aliandika makala peke yake lakini kote humo akasema "sisi". Mwenzake akamwonya kwamba jarida la Physical Review Letters halipendi "sisi" ya mtu mmoja. Enzi hizo makala ilipigwa kwa taipureta, na kusahihisha kote maana yake ni kuipiga upya yote. Hetherington akamfikiria paka wake, Chester, akamwandika kuwa mwandishi mwenza kwa jina la F. D. C. Willard. Makala ikatoka. Paka akaingia kwenye historia ya fizikia kwa sababu za uchapaji.

Wewe huhitaji paka. Una kauli ya kutendwa: "ilibainishwa", "ilipimwa", "zilikusanywa". Kauli hii haiulizi ni nani aliyezama topeni hadi magotini. Izoee mapema, tutaihitaji huko mbele.

2. Chagua jarida

Kuna njia ndefu na njia fupi. Ndefu ni kupeleka kwenye jarida la sayansi za bahari linalotolewa na WIOMSA, ile jumuiya yenye makao yake Zanzibar, au Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au, kama umeandika kuhusu lugha ya wavuvi, jarida la Kiswahili la TATAKI, taasisi ya lugha ya chuo hichohicho. Huko utasubiri miezi, na anaweza kutokea mhakiki anayeujua mlango wa mto wa Simba Uranga kwa macho yake mwenyewe. Hatari hiyo usiichukulie kimzaha.

Njia fupi tayari imo kwenye barua pepe yako. Inakuita "Mtukufu Profesa", inasifu mchango wako katika tiba ya meno ilhali wewe ni mtu wa samaki, na inaahidi majibu ndani ya siku saba, ada ikitangulia. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon, kwa ajili ya jarida la Science, aliwatega wenye majarida ya namna hiyo. Alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mtu mwenye kemia ya sekondari angeyaona, akayatumia majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. Mmoja wa waandishi wake wa kubuni alikuwa mtafiti wa taasisi isiyokuwepo mjini Asmara, na bado makala ikakubaliwa.

Kikwazo kimoja tu. Mkutubi Jeffrey Beall wa Colorado alikuwa na orodha ya majarida ya namna hiyo. Aliifuta Januari 2017 na wengi wakapumua, lakini nakala zake zinazunguka mpaka leo. Kabla hujalipa ada, chunguza kama kuna mjumbe wa kamati aliyeihifadhi.

3. Eneo la utafiti haliandikwi, hurithiwa

Sasa tumefika kwenye aya tamu kuliko zote. Kila mtu aliyewahi kuandika kuhusu delta anayo, naye aliipata kwa mwingine. Inasema hivi: delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko Afrika Mashariki, takriban hekta 53,000; tangu 2004 imo ndani ya eneo la ardhioevu la Ramsar la Rufiji, Mafia na Kilwa; wakazi wake ni wavuvi na wakulima wa mpunga; kuna masika na kuna vuli. Nukta. Ibebe nzima.

Hizo hekta 53,000 ni za kuaminika ajabu. Mikoko ikatwe boriti, ifyekwe kwa ajili ya mpunga, ipandwe upya na vikundi vya vijiji mbele ya kamera, ing'olewe na mawimbi, hekta zinabaki 53,000. Usijaribu kuzipima. Ukija na namba yako mpya utaulizwa uliipataje, na hayo ni mazungumzo marefu.

Ila aya ya kurithi huja na madeni, basi ikague kidogo. Ikisema delta nzima imo Wilaya ya Rufiji, ni ya zamani: katikati ya miaka ya 2010 Kibiti ilikatwa ikawa wilaya yake, na sehemu kubwa ya delta ikaenda nayo. Ikisema msafiri wa kusini anavuka mto kwa pantoni pale Ndundu, ni ya zamani zaidi, kwa sababu Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Na ikisema mto "hufurika kwa mzunguko wake wa asili", huyo aliyekurithisha hajasikia habari za Bwawa la Julius Nyerere huko juu, lenye mitambo ya megawati 2,115, wala hakuona maji yalivyofunika mashamba ya Kibiti na Rufiji Aprili 2024. Usihangaike kulieleza hilo. Wenyeji na wahandisi hawajamaliza kubishana. Chomeka sentensi moja: "Mienendo ya maji inabadilika." Haisemi inabadilika kwenda wapi, kwa sababu ya nani, wala kwa hasara ya nani. Sentensi bora ya kisayansi ni ile isiyoweza kukanushwa.

Tatizo la mwisho ni programu ya kukagua wizi wa maandishi. Wapo wanaoidanganya kwa kubadilisha kila neno kwa kisawe chake. Acha. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac wa Ufaransa na wenzake walianika makala nyingi zilizofanya hivyo, ambamo akili bandia ilikuwa imegeuzwa kuwa "fahamu ya kughushi". Ukifanya hivyo kwa Kiswahili, delta itakuwa "pembetatu ya matope" na mikoko "miti ya miguu mingi", na jina lako litachekwa na watu usiowajua. Nakili, kisha geuza mpangilio wa sentensi: mvua zitangulie, wavuvi wafuate, Ramsar ifunge. Inatosha.

4. Tafuta 384

Wahakiki wanapenda sampuli kubwa, lakini zaidi wanapenda sampuli inayojulikana. Inayojulikana ni 384. Hutoka kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, na uzuri wake ni kwamba hata idadi ya watu ikiwa milioni moja, jibu ni 384. Kamwe usipeleke 380. Hiyo inaonekana kama umehesabu watu kwelikweli.

Utawapata wapi? Si Mbwera, si Kiongoroni, ndani ya delta yenyewe. Huko ni mwendo wa chombo, maji na jua. Keti gatini Nyamisati. Neema iko pale. Abiria wa Mafia wakisubiri boti na maji yajae, wana muda, hawana pa kukimbilia, na mtu akimaliza kula mihogo yake huwa tayari kukwambia lolote kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kwamba wengi wao ni Wamafia wanaorudi kwao na delta wanaipita tu, hilo si jambo la kuandika. Andika "sampuli ya makusudi". Makusudi yapi, hawaulizi.

Kama Nyamisati nayo ni mbali, maana ukishafika Bungu bado kuna kipande cha kushuka pwani, malizia Kibiti mjini. Kaa kibarazani kwa nyumba ya wageni, dodosa wauza korosho barabarani, na uwaite "wadau wa mnyororo wa thamani wa maliasili za delta". Hata muuza chipsi ni mdau, maana alishawahi kukaanga kamba.

Na kama hata Kibiti ni mbali, ipo setilaiti. Picha za Landsat ni za bure tangu mwishoni mwa 2008. Ukiwa umeketi Mbezi, Dar es Salaam, na bando lako, unavuta delta nzima mbele ya kioo, mikoko inakuja na rangi nyekundu iliyokoza, na sehemu zenye mawingu unaziita "maeneo yasiyoainishwa". Pwani ya Rufiji mawingu ni mengi, kwa hiyo hapo utakuwa na pa kujificha.

Chonde chonde, usiwaige watu wa Ikwiriri. Kuanzia 1998 mfumo wa ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu wa Rufiji ulikuwa ukituma wadodosaji kaya kwa kaya, na kila baada ya miezi minne wanarudi mlango uleule: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Kumbuka, mlango uleule. Matokeo yake takwimu zao, kupitia mradi wa TEHIP, zilitumika kupangia bajeti ya afya ya wilaya kulingana na magonjwa yaliyokuwa yakiua watu. Unaona walivyoharibu soko? Tangu hapo kuna wahakiki wanaodhani Rufiji ni mahali pa kufanyia kazi.

5. Siku ya kupanda chombo

Siku moja itakubidi upande, angalau upate picha yako umevaa jaketi la kujiokolea. Panda. Washa simu irekodi, kaa kimya, umwache nahodha aongee. Usimpe hojaji, hojaji humfanya mtu aseme anachodhani unakitaka.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mtaalamu. Leo maji mafu, vijito vidogo hatuviingii. Tutazunguka."

"Pale mbona peupe?"

"Palikuwa na mikoko, wakafyeka wakalima mpunga. Miaka ya mwanzo ukatoa kwelikweli. Baadaye magugu. Halafu kaa, wanakata miche usiku, asubuhi unakuta maji matupu. Wenyewe wakahamia mbele wakafyeka pengine."

"Na mikoko haikurudi?"

"Itarudi vipi, magugu yameshajaa? Na nyie wataalamu mnakuja kupanda mkandaa mahali pa mchu, inakufa, mnaandika tumekata."

"Kwa nini mpunga wanalima zaidi huku kaskazini?"

"Mto siku hizi unamwaga zaidi huku. Kule kusini chumvi imezidi."

Umesikia? Kwa bei ya mafuta ya safari moja umepewa matokeo, mjadala na mapendekezo, tena bila kuvua viatu. Kazi yako ni kutafsiri kutoka lugha inayoeleweka. "Kaa wanakata miche" inakuwa "shinikizo la kibayolojia la krasteshia dhidi ya hatua za awali za ukuaji wa zao". "Wakahamia mbele" inakuwa "kilimo cha kuhamahama kinachochochewa na kushuka kwa tija". Lile la mkandaa na mchu liache kabisa. Mfadhili wa safari yako ndiye aliyenunua hiyo miche.

Kisha ile kauli ya kutendwa uliyoizoea inaingia kazini: "Ilibainishwa kwamba." Imebainishwa na nani? Na makala.

6. Marejeleo

Hapa kuna mtego na hapa kuna raha.

Mtego: usimnukuu mtu uliyesoma ikisiri yake tu bila kujua angalau kama bado yu hai. Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandaa mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara mwaka 1991, na mpaka leo makala ya mikoko isiyomtaja huonekana haikuvaa nguo kamili. Mtaje. Lakini yuko mwandishi mmoja aliyewahi kumshukuru, kwenye ukurasa wa shukrani, kwa "ushauri wake wa karibuni", miaka mingi baada ya kifo chake cha mwaka 2001. Wahakiki walikuwa wanahesabu nukta, hawakuona.

Raha ni kanuni za APA. Katika toleo la saba, la 2019, alichokwambia mtu kwa mdomo kinaitwa mawasiliano binafsi. Unakitaja ndani ya matini tu: jina, "mawasiliano binafsi", tarehe. Kwenye orodha ya marejeleo hakiingii, kwa kuwa msomaji hawezi kukifikia chanzo hicho. Nahodha wako yuko gatini Nyamisati kila alfajiri, simu yake inaita, na watu kutoka vyuo kadhaa wameshamfikia bila shida yoyote. Haidhuru, kanuni ni kanuni. Ripoti iliyofungiwa kabatini Uholanzi inafikika; nahodha hafikiki.

Ukihisi dhamiri inakusumbua, jifariji na historia. Mwaka 1915 Waingereza walikuwa wakiisaka meli ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha humu humu deltani, wala hawakujua mkondo gani una kina na upi hauna. Wakamtuma mwindaji wa Afrika Kusini, P. J. Pretorius, akapenya mikokoni kwa msaada wa wenyeji, akapima kina na maji kujaa na kupwa. Julai 11 mwaka huo meli ikazamishwa. Pretorius akaandikwa vitabuni na akaandika chake mwenyewe. Waliompitisha kwenye vijito wanaitwa "wenyeji" hadi leo. Kwa hiyo utaratibu huu hukuuanzisha wewe; umeukuta na unaufuata.

7. Waandishi wenza

Mkuu wa idara, awe wa pili. Mwanafunzi aliyejaza hojaji kwa mkono wake, wa nne, kama nafasi ipo.

Wahariri wa majarida ya tiba, kundi lililoanzia Vancouver mwaka 1978, wana masharti manne ya kuitwa mwandishi: uwe umechangia utafiti wenyewe, umeandika au kuhariri rasimu, umeidhinisha toleo la mwisho, na unakubali kuwajibika. Mkuu wa idara anatimiza moja, la kuidhinisha, akiwa kwenye foleni ya magari. Nahodha anatimiza la kwanza kuwapita nyote. Hayo mengine hawezi kuyatimiza kwa sababu hukumpelekea rasimu. Na hukumpelekea rasimu kwa sababu yeye si mwandishi. Pasome tena hapo. Ni pazuri mno.

8. Kata vipande

Utafiti mmoja kutoa makala moja ni ufujaji. Ukate kama papa anavyokatwa mnadani: kichwa kwa huyu, mapezi kwa yule. Mikoko iende jarida la misitu, kamba waende jarida la uvuvi, mpunga uende jarida la kilimo, na hadithi ya jinsi wakazi wa delta walivyokataa shamba kubwa la kamba lililopangwa humo miaka ya 1990 iende jarida la sheria, maana lilifika mahakamani. Eneo la utafiti ni lilelile, watu ni walewale 384. Kwa kila kipande geuza mpangilio wa sentensi za ile aya ya hatua ya 3. Kwenye jarida la kilimo ongeza neno "mlau", hata kama kilimo hicho cha baada ya mafuriko hukukiona; linakupa harufu ya uwandani.

9. Kibali, ridhaa na barua kwa mhariri

Barua ya COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, unayo. Barua ya mkurugenzi wa halmashauri unayo. Mtendaji wa kata alisaini akiwa amesimama. Basi kwenye maadili andika "ridhaa ilipatikana kwa mdomo", kisha "matokeo yatarejeshwa kwa jamii". Wakati ujao hauna tarehe ya mwisho. Ukibanwa sana, tuma kiungo ofisi ya wilaya. Kinafunguka kwa dola, na makala yenyewe ni ya Kiingereza, lakini ushahidi wa kurejesha unao.

Barua kwa mhariri iwe aya tatu. Ya kwanza, kwamba hakuna aliyewahi kulifanyia kazi jambo hili. Ya pili, kwamba wengi wamelifanyia kazi, ndiyo maana ni muhimu. Ya tatu, majina ya wahakiki unaowapendekeza. Pendekeza mliosoma nao, lakini wenye anwani za vyuo tofauti, na usiwataje wote kutoka chumba kimoja cha bweni.

10. Mhakiki wa pili

Wa kwanza atasema makala ni nzuri, rekebisha mstari wa 214. Wa pili ndiye shida. Atauliza kwa nini sampuli ya wakazi wa delta ina watu wengi hivyo wanaosema wanaishi Kilindoni, kule Mafia.

Usihamaki. Mshukuru kwa "maoni yake ya kina yaliyoboresha sana andiko letu", mshukuru kwa kila hoja moja moja, hata zile zilizokuumiza. Kwenye Kilindoni, jibu kwamba umeongeza sentensi katika sehemu ya mapungufu ya utafiti. Sehemu hiyo ni hazina. Dhambi iliyoandikwa pale huhesabika kuwa unyenyekevu. Usibadilishe kitu kingine. Badilisha rangi ya maandishi ya sentensi hiyo iwe nyekundu ili aione kutoka mbali.

11. Prufu

Makala imekubaliwa. Hongera. Utatumiwa prufu na utapewa saa 48. Angalia kwanza herufi za jina lako, kisha cheo chako, kisha jina la chuo. Halafu utakuta pembeni swali dogo la mpangaji kurasa: "Mwandishi, tafadhali thibitisha majina ya milango ya mto kwenye Kielelezo cha 1."

Wewe hujui. Piga simu Nyamisati, na kwanza mtumie picha ya ramani kwa WhatsApp.

"Nahodha, shikamoo. Ni mimi, yule mtaalamu wa mikoko."

"Marahaba. Ile kazi yetu imefika wapi?"

"Iko ukingoni, nahodha. Hiyo ramani iko sawa?"

"Mshale wa kaskazini mzuri. Lakini Simba Uranga umeiweka palipo Kikunya. Na hapo ulipoandika mikoko mnene ndipo pale peupe nilipokuonyesha. Njoo tuzunguke siku ya bamvua nikuonyeshe moja moja, haya si mambo ya simu."

Mshukuru na umrushie vocha. Tazama saa: zimebaki mbili, na kamati inaketi Jumatatu. Bonyeza "Naidhinisha". Kisha fungua faili jipya, Times New Roman, ukubwa wa 12, nafasi mbili, na uandike juu: "Marekebisho ya Ramani za Delta ya Kaskazini ya Rufiji: Tathmini ya Makosa Katika Tafiti Zilizotangulia". Mwandishi mmoja.